Rangi ya Tatu ya Shangazi Sikudhani

Nyaa. Nyaa. Nyaa.

Hiyo ndiyo sauti, wenzangu, na nikiiandika tu hapa mwili unanisisimka. Siyo sauti ya mashine yenyewe. Mashine ya chapa ya Baba, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilikuwa na kelele zake za heshima, chuma kwa chuma, kama mtu anayepiga makofi bila haraka. Ninayoisema ni sauti ndogo iliyojificha chini ya hizo kelele: rola za mpira zikibingirika juu ya sahani ya wino na kubandukana nayo. Mfikirieni mtu anayetafuna ndizi za kupika mdomo wazi, karibu kabisa na sikio lenu, tangu asubuhi mpaka jioni, na hashibi. Nimekulia ndani ya sauti hiyo. Mpaka leo mtu akila mbele yangu kwa mtindo huo, nahama mkeka.

Tulikaa Mbeya, nyuma ya barabara ya maduka, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi. Ukumbi haukuwa wetu, ulikuwa wa mashine. Baba alijifunza kazi ya chapa kwa wamisheni huko kwao Iringa, na wale walipopata mashine mpya wakamwachia hii kuukuu. Aliileta kwa lori, imelazwa juu ya nyasi kama ng'ombe mgonjwa. Akawa anachapa kadi za harusi, stakabadhi za wenye maduka na matangazo ya dansi. Mimi Vumilia, ambaye shule yenyewe nilikuja kuishia darasa la nne, kusoma nilikojifunza hasa ni kwenye karatasi zake zilizoharibika. Ndiyo maana nilijua kuandika "mnakaribishwa nyote" kabla sijajua kuandika jina langu.

Wageni wakiingia walisema, "Hapa kwenu pananukia kazi." Uongo mtupu. Palinuka. Wino ulinuka mafuta yaliyochacha. Mafuta ya taa ya kusafishia rola yaliingia puani na kukaa humo kama mpangaji asiyehama. Na gundi! Baba alichemsha kwato za ng'ombe kwenye debe mpaka zikawa uji wa rangi ya usaha, akaupaka kwenye kingo za karatasi, na mende wa mtaa mzima walipata habari. Walikuja kuulamba. Ukiinua bunda la bahasha asubuhi unawakuta wamejipanga pembeni kama watu wa harusini, masharubu yanacheza.

Miezi ya baridi ndiyo ilikuwa balaa. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza, wino uligoma kukauka. Ikabidi karatasi zianikwe jikoni kwenye kamba, juu ya moto, juu ya chungu. Mama alilalamika mpaka akachoka. Tulikula ugali wenye ladha ya mafuta ya taa, na siku moja nilitoa kipande cha "Bwana na Bibi" kwenye mboga ya maboga. Nilikitoa kwa vidole viwili, nikaenda kutapika nyuma ya nyumba, nikarudi nikamalizia, maana njaa haina adabu.

Na bado nilikuwa mtoto wa furaha, msinielewe vibaya. Nilikuwa na ndoto. Ndoto yangu ilikuwa kuimba kama Shangazi Sikudhani.

Shangazi Sikudhani alikuwa mdogo wake Baba, tukikaa naye, akishona nguo barazani na cherehani ya mkono. Alikuwa mweusi, mweusi ule wa kahawa iliyokolea, wenye joto ndani yake, na akipaka mafuta ya nyonyo aliyoletewa kutoka kwa Bibi, paji lake la uso lilikuwa na mwanga wake lenyewe. Aliimba akishona. Wapita njia walipunguza mwendo. Mwaka huo walikuja mabwana wenye gari la kunasia sauti, wakamsikia, wakamkalisha kwenye chumba kilichozibwa kwa mablanketi, wakanasa nyimbo mbili. Miezi ikapita. Halafu santuri zikaja kutoka mbali, ndani ya makasha yaliyojaa majani makavu, kila moja imevaa mfuko wa karatasi ya kaki, wenye tundu katikati, bila neno wala picha. Kama maiti maskini, alisema Shangazi.

Zililetwa dukani kwa Bwana Salehe, aliyekuwa anauza vitambaa, taa na gramafoni. Bwana Salehe alikuwa na akili ya biashara. Alisema kaki haivuti jicho. Yeye alitaka mifuko yake mwenyewe, yenye sura ya mwimbaji, ya rangi. Akaja kwa Baba. Kazi kubwa kama hiyo ukumbi wetu ulikuwa haujaiona.

Lakini aliyeingojea kuliko wote alikuwa Shangazi, na sababu yake nitawaambia, kwa kuwa ndiyo kisa chote. Bibi, mama yao, alibaki kijijini, juu ya Iringa. Homa ilimziba masikio wakati Shangazi bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo Bibi hakuwahi kumsikia bintiye akiimba, hata mara moja. Aliona mdomo ukifunguka, aliona watu wakicheza, basi.

"Santuri yenyewe Mama haitamfaa," Shangazi alimwambia Baba, sindano mdomoni. "Ila mfuko ataushika. Ataniona nimo. Kaka, nitengeneze vizuri."

"Nitakutengeneza mpaka ukatae kuolewa," alisema Baba.

Alimkalisha mlangoni penye mwanga, akamchora kwa penseli. Kisha akachukua vipande vya mpira wa sakafu, ule mgumu uliong'olewa kwenye nyumba ya mzungu mmoja aliyehama, akaanza kuchonga kwa vipatasi vyake vidogo. Vibao vitatu, sura ile ile. Nikamuuliza kwa nini amchonge Shangazi mara tatu, kwani ameharibu?

"Kila rangi na kibao chake," akasema. "Njano, nyekundu, buluu. Mashine haijui kuchanganya. Inapiga moja, karatasi inakauka, inapiga ya pili juu yake, inakauka, ya tatu."

"Na kahawia ya Shangazi iko wapi?" Nilitazama makopo. Hakukuwa na kopo la kahawia.

"Imo humo humo. Wewe subiri."

Nikasubiri, na kusubiri kwenyewe kulinitia kinyaa. Njano ilipopigwa, Shangazi alitoka kama mgonjwa wa manjano, uso mtupu hauna macho, mpaka shingo. Tukamwanika jikoni. Nikakataa kula chini yake. Nyekundu ilipokuja juu ya njano, ikawa vibaya zaidi. Jamani, mmewahi kuona sungura aliyechunwa, ananing'inia mlangoni kwa mwenye bucha, nyama ina unyevunyevu na inzi mmoja ameitambua? Ndiye Shangazi yangu. Nililia. Baba akacheka, akaniambia wino na maji havisemezani, kwa hiyo nisidondoshee machozi karatasi zake, nikalilie nje.

Kisha akaweka kibao cha tatu. Kwenye kibao hicho alikuwa amechonga nywele, macho, nyusi na maandishi kwa unene wake, lakini uso aliuwekea mistari myembamba, myembamba mno, kama uzi wa buibui, ili buluu iingie kidogo kidogo. Akafungua kopo. Buluu ile ilifanana na kidonge anachotia Mama kwenye maji ya kusuuzia mashuka. Alipanga karatasi kwenye pini zake, maana ikihama kidogo tu, mdomo unahamia shavuni. Akakanyaga. Nyaa, ikasema mashine.

Akaivuta karatasi, akanigeuzia.

Nyama mbichi ilikuwa imeondoka. Shangazi Sikudhani alikuwa ananitazama, mweusi, wa moto, na mwanga ule ule pajini. Rangi tatu ambazo kila moja peke yake ilinichefua, zilikuwa zimekubaliana. Nilimwita Shangazi kwa sauti mpaka cherehani ikanyamaza. Alikuja, akajiangalia, akaweka mkono mdomoni, akarudi barazani. Baadaye kidogo akaanza kuimba.

Bwana Salehe alikuja kesho yake kuona jaribio. Aliishika ile karatasi kwa pembe mbili, akaielekeza kwenye mwanga.

"Kazi nzuri, fundi. Kazi safi. Ila huyu mbona mweusi hivi?"

"Ndivyo alivyo," alisema Baba.

"Najua alivyo, si napita hapo nampa salamu kila siku? Mimi nauza sura, bwana. Wale wa Makongolosi wakitoka mgodini na vumbi lao wanataka kitu cha kung'aa. Mweusi kila mtu kamwacha nyumbani, anamchotea maji." Akacheka, tena kwa upole, kama mtu aliyetoa ushauri wa bure. "Mpunguzie. Hiyo rangi ya mwisho, itoe usoni. Iache kwenye nywele na maandishi."

"Ni dada yangu huyu, Bwana Salehe."

"Basi si umpendezeshe dada yako!"

Akanipiga kijembe na mimi, akasema nisikae sana juani nisije nikahitaji fundi. Halafu akatoka, akaacha harufu yake nzuri ya udi, na niwaambieni ukweli: katika harufu zote za ukumbi ule, hiyo ndiyo iliyonitia kichefuchefu.

Nilingoja Baba aseme kitu. Akachukua kibao cha tatu, akakiweka mapajani, akatwaa patasi. Akaanza kukwangua ile mistari ya uso. Shavu la kulia. Paji. Kidevu. Mabaki yalidondoka sakafuni yamejikunja, kama maganda ya kiazi, yana buluu upande mmoja. Nilisimama pale nikiyaangalia. Nilitamani kuyaokota nikaogopa kuyagusa.

"Baba, si yanarudi?"

"Hayarudi."

Na ile karatasi ya kwanza, ile moja tu iliyokuwa Shangazi kweli? Kwa wenye mashine, karatasi ya jaribio ni ya kufutia. Ndivyo Baba alivyofundishwa, na ndivyo mkono wake ulivyozoea. Alipomaliza kuchonga aliikunja, akaichovya mafuta ya taa, akafutia rola. Sidhani hata alijiona. Nilimwona mimi. Nilimwona Shangazi akizungushwa kwenye mpira mweusi mpaka akawa uchafu, kisha akatupwa kwenye debe.

Wiki nzima ikawa nyaa, nyaa, nyaa, na kila nyaa inatoa mwanamke aliyechunwa mwenye nywele nzuri. Walijaa jikoni. Walining'inia kwenye kamba, wametutumbulia macho tukila. Gundi ya kwato ikachemshwa, mifuko ikabandikwa, mende wakaja harusini.

Shangazi alipowaona alicheka kwanza. Alidhani ni kazi ambayo haijaisha.

"Hawa bado buluu, siyo?"

Baba alikuwa ameinamia kopo la gundi. "Ndiyo imeisha hiyo, Sikudhani. Mteja kataka hivyo."

Shangazi akashusha mfuko mmoja kwenye kamba. Akausogeza mbali, akausogeza karibu.

"Kaka," akasema, "huyu umemchuna kwa kisu gani?"

Baba akakoroga gundi. Mama akajifanya anakoleza moto.

"Haya," akasema Shangazi. "Mpelekee mama yetu. Hivyo hivyo. Ukamwambie mwenyewe kwamba ni mimi." Akaenda barazani. Nilingoja aimbe. Cherehani ilikwenda, lakini wimbo haukuja, siku hiyo wala zilizofuata.

Tukaenda Iringa, mimi na Baba, kwa basi lililotutia vumbi mpaka kope. Baba alibeba santuri kifuani, imefungwa kwenye khanga, ndani ya mfuko wake wa rangi. Mimi nilibeba zawadi ya Mama kwa Bibi: miche ya sabuni na vidonge vya buluu ya kufulia. Njia nzima Baba alifanya mazoezi ya ishara kwa vidole, midomo ikicheza, kama mwanafunzi anayeogopa mtihani.

Bibi alitupokea kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Kamwene! Kamwene, wanangu! Huyu mtoto mbona amekonda, hamli huko Mbeya?" Ningependa kumweleza kuhusu mboga ya maboga na "Bwana na Bibi," lakini ningeanzia wapi?

Baba akafungua khanga. Bibi akatoa santuri kwanza, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye tundu. "Sahani gani hii? Itavuja." Akaiweka kando. Akachukua mfuko. Akaunusa, akakunja pua, mafuta ya taa hayo. Akautazama.

"Nani huyu, mwanangu? Aliungua moto?"

Baba akatikisa kichwa. Akaonyesha kimo, akaonyesha ushonaji, akafungua mdomo kama anayeimba. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akiimba bila sauti, na sipendi kukumbuka.

"Wewe?" Bibi akashangaa. "Wewe huna nywele hizo!" Akacheka mpaka akakohoa. Baba akaandika jina hewani kwa kidole, akasahau kwamba Bibi hajui kusoma. Akarudia kimo, akarudia kushona. Bibi akautazama mfuko tena, kwa huruma safari hii, kama tunavyomtazama mgonjwa wa watu. "Maskini. Mumpeleke hospitali." Halafu akachoka na mchezo. Akaupapasa. "Karatasi ni nzuri lakini. Ngumu." Akainuka, akafunikia mtungi wa togwa.

Baba akasema anakwenda kusalimia majirani. Alipita mbele yangu haraka, na nikaona anafuta uso kwa khanga ile tupu.

Nimezeeka sasa. Nikipita njia ya Mgololo, harufu ya kiwanda cha karatasi inaingia garini, abiria wanaziba pua, mimi narudi ukumbini kwetu. Zamani nilidhani nilichukia wino na gundi na mende. Ni kweli niliwachukia. Lakini kinyaa chenyewe, kile kilichonikaa kooni, kilikuwa cha jambo nisilokuwa na jina lake: kwamba yule mwenye udi hakuongeza kitu chochote usoni pa Shangazi. Alipunguza tu. Rangi yetu ilikuwa inataka makopo yote matatu, ni rangi iliyokamilika, na ili apatikane yule wa kung'aa ilitosha kumkatiza kabla hajaisha. Na mkono uliofanya hivyo ulikuwa wa mtu aliyempenda. Baba sikumchukia. Nilimsikitikia, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mfuko ule ninao. Ulikutwa kwenye sanduku la Bibi alipofariki, ndani ya kitenge chake cha kanisani, hauna santuri. Una duara la mtungi nyuma, na mbele una alama za vidole vidogo.

Vidole hivyo ni vyangu. Alasiri ile Bibi alikuwa ameenda kuchuma mboga, Baba hajarudi, nikabaki peke yangu na yule mwanamke juu ya mtungi. Nilifungua zawadi ya Mama, nikachukua kidonge kimoja cha buluu, nikakisaga kwa jiwe juu ya kigae. Nikatia maji, nikampaka. Maji yakakimbia usoni pake kama yanavyokimbia juu ya jani la gimbi, hayakushika hata tone. Wino na maji havisemezani. Basi nikainuka, nikatungua kibuyu cha Bibi cha mafuta ya nyonyo, yale yale anayompelekea Shangazi, nikadondosha kidogo kwenye unga wa buluu, nikavuruga kwa kidole.

Nilianza na paji la uso. Nilipaka kidogo, nikasambaza, nikafuta palipozidi kwa pindo la gauni. Shavu moja. La pili. Pua, kwa ncha ya kidole kidogo, nimezuia pumzi. Nyama ilififia chini ya mkono wangu, kahawa ikapanda. Kidevu. Shingo, mpaka pale karatasi ilipokatwa tundu.

Nikapuliza. Kisha nikaurudisha juu ya mtungi, nikaugeuza uso utazame mlangoni, upande ambao Bibi angeingilia.